Shajara ya Kichambuzi: kasi iliyovunjika katikati ya safari

Jumatatu, Machi 3

Kichambuzi ni programu ndogo ya Java, lugha ya kuandikia programu, ninayohangaika nayo tangu mwaka jana. Kazi yake ni kulichukua neno la Kiswahili na kulivua viambishi kimoja kimoja: "hatutawaambia" linatoka ha-tu-ta-wa-ambi-a, "vitabuni" linatoka vi-tabu-ni. Toleo la kwanza lilikuwa na kanuni mbili tu, moja ya vitenzi na moja ya majina na jamaa zake. Wiki iliyopita nimeongeza ya tatu, ya maneno ya mseto ambayo watu wanayaandika kutwa kwenye simu: ameniblock, nishadownload, tumeedit. Kuyatambua ni rahisi kuliko nilivyodhani. Neno la Kiswahili huishia na irabu. Likiishia na konsonanti huku mwanzoni lina "ame" au "tume", ujue ndani kuna mgeni.

Tatizo ni kwamba toleo jipya linatambaa. Matini ni yaleyale na laptopu ni ileile, lakini muda umeongezeka kwa karibu nusu. Nimejiambia kanuni mpya ni nzito, kesho naipunguza uzito.

Jumanne, Machi 4

Siku nzima nimekonda na kanuni ya tatu. Nimeondoa misemo ya kutafutia ruwaza, nimeweka jedwali la herufi, nimepunguza kunakili matini. Mwishoni nimeipima peke yake kwa JMH, chombo cha vipimo cha watu wa OpenJDK, mradi huria wa Java, ambacho kwa kawaida huipasha programu moto kwa mizunguko 5 kabla ya kuanza kuhesabu, na hurudia yote hayo katika michakato 5 iliyotenganishwa. Kanuni imetoka safi. Ni nyepesi kuliko ile ya vitenzi!

Nimeiweka kwenye programu nzima: muda haujapungua hata punje. Nimekula futari kimyakimya.

Jumatano, Machi 5

Umeme umekatika saa nane mchana, laptopu ikahamia kwenye betri katikati ya kipimo, prosesa ikapunguza mwendo. Vipimo vyote vya leo nimevitupa.

Alhamisi, Machi 6

Kijana ninayekaa naye meza moja amechungulia kioo changu akauliza, "Kaka, hiyo 152 ni ya nini?"

Nikamwambia ni wastani wa milisekunde kwa kila faili.

"Kuna faili lililochukua 152?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechukua muda wa safari nzima nikagawa kwa idadi ya mafaili, basi. Nina mafaili 180, kila moja lina maneno 20,000. La 1 hadi la 61 ni matini niliyoyahariri mwaka jana, na kila neno lisilotambulika nililiondoa. La 62 hadi la 120 ni jumbe za simu ambazo ndugu na marafiki walikubali kunipa. La 121 hadi la 180 ni matini safi tena. Nimeongeza mstari mmoja wa nanoTime, saa ya ndani ya Java, mwanzoni mwa kila faili na mwingine mwishoni, nambari zikawa zinaandikwa kwa mpangilio wa kutokea kwake, nikachora grafu.

Sikuitambua programu yangu mwenyewe.

Faili la kwanza limechukua milisekunde 910. La pili 410. Mstari ukateremka kama mtu anayeshuka ngazi mpaka faili la 10, ukatulia kwenye 91, na kwenye 91 ukabaki kwa mafaili hamsini na moja, umenyooka kama uzi. Faili la 62 likaruka hadi 233. Baada ya hapo ni 172 kwa jumbe zote.

Mpaka hapa mtu angesema jumbe ni ngumu, ndiyo maana. Lakini tazama faili la 121, linaporudi kwenye matini safi ya aina ileile iliyokuwa ikichukua 91: 168. Na 168 hiyohiyo mpaka mwisho. Programu imepita kwenye jumbe, ikatoka upande wa pili, haikurudi tena kuwa ile ya mwanzo. Toleo la zamani halina mkunjo huo. Linashuka hadi 91 na kubaki hapo, na wastani wake ni 100.

Kijana ameitazama grafu akasema, "Kama imekula kitu kikaigomea."

(Nambari nilizoziandika hapa ni za Jumamosi, baada ya kuzima turbo, ile hali ya prosesa kujiongeza kasi kwa muda. Nimerudi kuzisahihisha ili shajara isije ikanichanganya mwenyewe baadaye.)

Ijumaa, Machi 7

Leo nimesoma zaidi ya kuandika. Mteremko wa mwanzo nilikuwa naujua kwa jina tu. Mashine pepe ya Java, yaani programu inayoendesha programu za Java, hii HotSpot tunayoitumia wengi, haianzi na msimbo wa prosesa. Inaanza na mkalimani anayesoma agizo moja moja na kulitekeleza, taratibu. Huku nyuma inahesabu. Methodi, yaani kipande cha msimbo chenye jina, ikishaitwa takriban mara 200 inapewa kompaila ya kwanza, mtafsiri wa kuigeuza kuwa msimbo wa prosesa, inayoitwa C1, ambayo inafanya kazi haraka lakini haichimbi sana, na msimbo wake unaendelea kuandika wasifu: tawi gani linapitwa, kitu cha klasi gani, yaani cha aina gani, kinafika wapi. Miito ikifika elfu kadhaa, methodi inapelekwa kwa C2, fundi mwenye subira, ambaye anausoma wasifu ule na kushona nguo kwa kipimo cha mwili alioukuta. Ngazi hizi zimekuwa chaguo-msingi tangu Java 8 ya mwaka 2014.

Kwa hiyo milisekunde 910 hadi 91 ni programu ikijishona upya ikiwa inatembea. Sawa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mstari unaweza kupanda.

Kumbe wapo waliolichungulia jambo hili kwa makini kuliko mimi. Mwaka 2017 Edd Barrett, Carl Friedrich Bolz-Tereick, Rebecca Killick, Sarah Mount na Laurence Tratt walichapisha utafiti wao kuhusu kupasha moto mashine pepe. Walichukua programu fupi zinazojulikana sana kwenye vipimo, wakaendesha kila moja mizunguko 2,000 ndani ya mchakato mmoja, kisha wakarudia kwa michakato 30. Kompyuta iliwashwa upya kabla ya kila mchakato, ikasubiriwa ipoe. Matarajio ya wengi yalikuwa mstari unaoshuka na kutulia. Walikuta mistari ya kila namna: iliyonyooka, iliyoshuka, iliyopanda baada ya kutulia, isiyotulia kabisa, na ile ambayo mchakato mmoja unafanya hivi na mwenzake vile. Katika mashine 3 walizotumia, hata penye matokeo mazuri zaidi ni asilimia 43.5 tu ya jozi za mashine pepe na programu zilizofikia kasi ya juu na kukaa hapo kila mara.

Nimejisikia vizuri kidogo. Kumbe ugonjwa wangu una jina.

Nimeazima kwao pia namna ya kutafuta mahali mstari unapovunjika bila kutegemea jicho. Wanatumia hesabu inayoitwa PELT, iliyotolewa na Killick, Fearnhead na Eckley mwaka 2012, na kwenye R, lugha ya takwimu, ipo tayari ndani ya pakiti ya changepoint. Nimeilisha nambari zangu 180. Imejibu 62. Jicho nalo lilishasema hivyo, lakini sasa naweza kuiendesha kwa safari 30 bila kukodoa macho kwenye grafu 30.

Jumamosi, Machi 8

Mshukiwa wa kwanza: joto. Machi ya Dar es Salaam si mchezo, na laptopu yangu ina feni inayolia kama mashine ya kukoboa. Kwenye Linux kuna faili dogo chini ya thermal_throttle linalohesabu mara ngapi prosesa imejipunguza kasi kwa sababu ya joto. Kabla ya kuanza lilisema sifuri. Baada ya safari ishirini mfululizo lilikuwa limepanda sana, na ni kweli safari za mwisho zilikuwa nzito kuliko za kwanza.

Basi nimeigeuzia laptopu feni ya chumbani, nimezima turbo kwa kuandika 1 kwenye no_turbo ili prosesa isikimbie leo ikachoka kesho, na baina ya safari na safari nasubiri ipoe. Hesabu ya joto imebaki palepale. Safari ya 1 na ya 20 zinafanana. Kila faili limekuwa la taratibu kidogo kuliko zamani, kama ilivyotarajiwa.

Ruko la faili la 62 halijatikisika. Joto lilikuwa mwizi mwingine, wa nyumba nyingine.

Jumapili, Machi 9

Mshukiwa wa pili: mzoa taka, yaani ile sehemu ya mashine pepe inayopita kukusanya vitu vilivyoachwa kwenye kumbukumbu. Huyu nilimshuku kwa moyo wote, na kwa masaa manne nilidhani nimemkamata. Nimewasha -Xlog:gc na kulinganisha saa. Kabla ya faili la 62 anapita mara chache, takriban mara moja katika mafaili matatu. Kuanzia la 62 anapita mara kadhaa ndani ya faili moja, bila kukoma, hata kwenye matini safi ya mwishoni.

Nikaona mambo yamekwisha. Nimempa kumbukumbu kubwa mara nne. Akawa anapita kwa nadra zaidi. Milisekunde 168 zikawa 161.

Nimekaa nikaitazama hiyo 161 muda mrefu. Mzoa taka hazalishi taka. Kama anapita mara nyingi, kuna mtu anatupa zaidi, na swali linabaki ni nani alianza kutupa kwenye faili la 62. Msimbo wangu ni uleule, neno safi la faili la 130 linapita njia ileile iliyopitwa na neno safi la faili la 30.

Kabla ya kulala nimejaribu kitu ambacho ningekifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na akili. Nimeendesha kwa -Xint, maana yake mkalimani peke yake, bila kompaila yoyote. Ni mateso, nimeiacha nikaenda dukani kununua maji na kurudi. Lakini mstari umenyooka tangu faili la 1 hadi la 180, hakuna ruko. Nimeendesha tena kwa TieredStopAtLevel=1, C1 bila C2. Hakuna ruko. C2 ndiye mwenye siri.

Jumatatu, Machi 10

PrintCompilation, swichi ya mashine pepe, inatema mstari kila methodi inapokompailiwa. Nimeichanganya na nambari za mafaili. Faili la 1 hadi la 10 ni mvua ya mistari. Kisha kimya, karibu kabisa. Faili la 62: methodi yangu ya changanua na jirani zake zimeandikiwa "made not entrant", maana yake mlango umefungwa, msimbo ule wa C2 usiingiwe tena. Muda mfupi baadaye, ndani ya faili hilohilo, zimekompailiwa upya, na hazikuguswa tena mpaka mwisho.

Hapo ndipo picha ilipokaa sawa kichwani. Moyo wa programu ni mstari mmoja unaoiambia kanuni: lichanganue neno hili. Kanuni ni intafesi, yaani jina la pamoja la klasi zinazofanya kazi moja. Nyuma yake kuna klasi za vitenzi, za majina, na sasa za mseto. C2 alipousoma wasifu wakati wa mafaili ya mwanzo alikuta klasi mbili tu zimewahi kufika pale. HotSpot, kwa chaguo-msingi, huandika majina ya klasi mbili kwa kila mahali pa kuitia. Zikiwa moja au mbili, C2 anaweza kuzimeza: anaupachika mwili wa kanuni ya vitenzi na wa kanuni ya majina palepale ndani ya mstari wangu, hakuna kuita tena, ni kuuliza tu "wewe ni wa kwanza au wa pili?" na kuendelea. Pembeni anaacha mtego, endapo atatokea mtu ambaye hajawahi kuonekana.

Faili la 62 likaleta "ameniblock", klasi ya tatu. Mtego ukafyatuka. Mashine ikarudi kwa mkalimani, ikavumilia mara chache, halafu ikautupa msimbo ule na kushona mwingine. Safari hii wasifu unaonyesha zaidi ya klasi mbili, na hakuna moja iliyotawala kwa wingi mkubwa, kwa sababu vitenzi na majina katika matini yangu vinakaribiana. Kwa hiyo C2 haumezi mwili wowote, anaacha mwito wa kawaida wa kutafuta methodi kwenye jedwali kila mara. Na wasifu haufutwi. Maneno ya mseto ni kama 300 tu katika maneno 20,000 ya faili la jumbe, na kwenye matini safi hakuna hata moja, lakini kumbukumbu ya kwamba mgeni aliwahi kupita mlango huu inabaki mpaka mchakato ufe.

JMH ya Jumanne isingeweza kuyaona haya. Ilinipimia kanuni ya tatu ndani ya mchakato wake peke yake, ambamo wasifu ulikuwa msafi. Imetengenezwa kutenganisha hivyo makusudi.

Jumanne, Machi 11

Nadharia tamu inatakiwa kupigwa. Majaribio matatu, kila moja safari 10.

La kwanza, nimegeuza mpangilio, jumbe zikatangulia. Kasi ya 91 haijaonekana popote. Mstari umeshuka kutoka juu na kutulia kwenye 168, matini safi na yote. Kwa hiyo toleo jipya si kwamba linaharibika njiani tu. Likikutana na maneno ya mseto mapema halipati hata siku moja ya ujana.

La pili, nimeyaondoa maneno ya mseto kwenye jumbe zote, nikaacha moja tu, katika faili la 62. Hakuna kilichotokea ambacho PELT imeweza kukiona. Mashine ilimsamehe.

La tatu, nimerudisha machache, yasiyozidi ishirini, yote ndani ya faili la 62. Ruko limerudi, na halikushuka tena. Chini ya maneno ishirini kati ya milioni 3 na laki 6, na nusu ya kasi imekwenda. Nimempigia simu kijana wa mezani usiku kumwambia. Alikuwa amelala.

Jumatano, Machi 12

Bado deni la mzoa taka. Kwa nini mwito usiomezwa uzalishe taka? Jibu liko kwenye kitu kidogo nilichokiandika bila kufikiri: kila kanuni inarudisha Jozi, kitu chenye shina na kiishio, ambacho mstari unaofuata unakisoma na kukiacha. Mwili wa kanuni ukiwa umemezwa, C2 anaona Jozi inazaliwa na kufa ndani ya chumba kimoja, haitoki nje, basi haiumbi kabisa. Anaweka shina na kiishio kwenye rejista, vijisanduku vya ndani ya prosesa, na maisha yanaendelea. Mwili usipomezwa, hawezi kujua Jozi inakwenda wapi, inabidi iumbwe kweli kwenye kumbukumbu. Maneno 20,000, kila neno likijaribu migawanyo kadhaa, hesabu mwenyewe.

Nimethibitisha kwa kuzima uchunguzi huo kwa -XX:-DoEscapeAnalysis. Mafaili ya mwanzo, yale ya 91, yamepanda hadi karibu 140 hata kabla ya mseto kufika. Sehemu kubwa ya tofauti basi ni Jozi, iliyobaki ni gharama ya mwito wenyewe. Mzoa taka aliyenipotezea Jumapili alikuwa akisafisha tu baada ya karamu ya watu wengine.

Ijumaa, Machi 14

Tiba imechukua dakika tano. Wasifu unaandikwa kwa kila mahali pa kuitia, si kwa programu nzima. Kwa hiyo neno la mseto nimelipa mlango wake: kabla ya mstari mkuu nauliza kama kanuni ni ya mseto, kama ndiyo inaitwa kwenye mstari wake mwenyewe, wa pembeni. Mlango mkuu hauoni tena ila klasi mbili. Mistari minne ya msimbo na maelezo marefu kuliko msimbo, maana najua miezi sita ijayo nitapita hapo nikaona ni uchafu na kuufuta.

Mafaili ya 11 hadi 61: 92. Jumbe: 95. Matini safi ya mwisho: 92.

Kijana anataka kuongeza kanuni ya nne, ya maneno ya Sheng. Nimemwambia, "Karibu, mdogo wangu, ila mlango mkuu haupiti." Amecheka, amekwenda kuchora.

Jumamosi, Machi 15

Safari 30 zimekamilika usiku, kompyuta ikijiwasha upya kila baada ya moja. Ishirini na sita zimetulia kwenye 92. Nne zimetulia kwenye 112, tangu faili la 14, hazikushuka. Mafaili, msimbo na joto ni sawa kwa zote. C2 anafanya kazi kwenye uzi wake wa nyuma, kwa hiyo wasifu anaoukuta unategemea amefika saa ngapi, na nahisi safari hizo nne amefika mapema akakuta kitu hakijakomaa. Ni hisia tu. Nimewasha PrintInlining ili zikitokea tena niweze kulinganisha alichomeza na alichoacha.

Safari nyingine 30 zimeanza saa nne usiku. Feni inaielekea laptopu, mimi nalala na joto langu. Nitazisoma wakati wa daku.